Utuombee: Mkristo anapomwita mtakatifu, anamwomba nani?

Bibi yangu mzaa mama alifariki nikiwa na miaka 12, kijijini kwetu Bukoba. Jioni ile watu wa jumuiya walijaa nyumbani hadi uani, wengine wamekaa juu ya majani makavu chini ya migomba. Mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza alifungua kitabu chake cha sala, kimechakaa pembe zote, akaanza Litania ya Watakatifu. "Bwana, utuhurumie." Tukaitikia. "Kristo, utuhurumie." Tukaitikia. Kando yangu alikaa baba mkubwa, kaka yake baba, mzee wa usharika wa Kilutheri, naye aliitikia kwa sauti nzito kuliko sisi sote. Kisha mama yule akasema, "Maria Mtakatifu," na nyumba nzima ikajibu, "utuombee." Baba mkubwa akafunga mdomo.

Hakununa, wala hakuinuka. Aliinamisha kichwa, mikono ameikutanisha magotini, akangoja. Wakapita Mikaeli, Yosefu, Petro, Paulo, Andrea, wakapita mashahidi na mabikira, akapita Karoli Lwanga na wenzake. Litania ile ni ndefu. Orodha ilipokwisha na maneno yakarudi kwa Mungu mwenyewe, "twakuomba utusikie", sauti yake nayo ikarudi.

Baadaye, tukiwa tunanawa mikono, nilimuuliza: "Baba mkubwa, mbona ulinyamaza?" Akanijibu taratibu: "Mwanangu, hao walikuwa watu wema, nami nawaheshimu. Ila maombi yangu mimi nayapeleka kwa Mwenyewe." Mama mdogo alikuwa ameshika birika anatumiminia maji. Akasema, "Shemeji, na sisi tunayapeleka kwa Mwenyewe. Hao tunawaambia watusindikize tu."

Sentensi hizo mbili zimebeba karibu kila kitu ambacho Wakristo wameandikiana kuhusu jambo hili kwa miaka 1,600. Naandika kwa sababu naona vijana wanarushiana aya mitandaoni kana kwamba upande mmoja haujui kusoma na wa pili haujui kupenda. Ukilifungua suala lenyewe polepole, unakuta watu wanagombana mahali pasipo na ugomvi, huku mahali penye ugomvi wa kweli pakiachwa.

Tuanze na lugha yetu, maana inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Kitenzi "omba" kwa Kiswahili kina kazi mbili. Mezani unasema "naomba chumvi", na kanisani unasema "tuombe". Kwa hiyo mtu akisema "Wakatoliki wanawaomba watakatifu", mmoja anasikia kitu kama kumwomba jirani ndoo, mwingine anasikia kitu kama kumwabudu Mungu. Neno ni lilelile. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana saa nzima bila kukutana.

Lakini sala zenyewe hazisemi "tunakuomba, Petro". Zinasema "utuombee". Hapo pana ile kauli ya kutendea tuliyofundishwa shuleni: pika, pikia, lima, limia, omba, ombea. Anayeambiwa "utuombee" anaambiwa aende kwa mwingine. Yeye mwenyewe hana ghala la kile kinachotakiwa. Sikiliza Litania kwa makini na utaona mstari umechorwa: kwa Mungu tunasema "utuhurumie" na "utusikie", kwa watakatifu tunasema "utuombee". Hakuna mtakatifu hata mmoja katika orodha ile anayeambiwa "utuhurumie", hata Bikira Maria. Salamu Maria nayo ndivyo ilivyo. Nusu ya kwanza ni maneno ya malaika na ya Elizabeti kutoka Injili ya Luka sura ya 1. Nusu ya pili, iliyopata sura yake rasmi katika kitabu cha sala cha Papa Pius V mwaka 1568, ina ombi moja tu: "utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu."

Neno jingine linalotugombanisha bure ni "ibada". Kwa Mlutheri au Mwanglikana, ibada ni kile kinachofanyika Jumapili saa tatu asubuhi, yaani kumwabudu Mungu. Mkatoliki huita hiyo Misa, na neno ibada analitumia pia kwa mazoea mengine ya kiroho, hata akasema "ibada kwa Bikira Maria". Mlutheri akisikia hivyo anashtuka, na ana haki ya kushtuka, kwa kuwa neno limetoka katika kuabudu. Wanateolojia walikwisha kutenganisha mambo haya zamani kwa Kigiriki. Latria ni ile ya kuabudu, ya Mungu peke yake. Dulia ni heshima wanayopewa watakatifu, na ile ya Maria huitwa hiperdulia kwa kuwa ni kubwa zaidi, ingawa bado ni heshima. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 787, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliohusu picha takatifu, uliweka mpaka huo waziwazi. Bahati mbaya Kiswahili cha parokiani hakikuubeba vizuri, na katekista anayetaka kuwasaidia waamini wake angeanzia hapo.

Sasa hoja zenyewe.

Mkatoliki, na Mwothodoksi pamoja naye, anaanza na jambo ambalo Wakristo wote hulifanya. Tunaombana maombi. Paulo aliwasihi Warumi wapigane pamoja naye katika kumwomba Mungu kwa ajili yake (15:30). Yakobo anasema, "Kuomba kwake mwenye haki kwafaa sana, akiomba kwa bidii." Hakuna anayemwambia mchungaji "niombee" akadhani amempunguzia Kristo heshima. Kisha Mkatoliki anauliza: je, mwenye haki huyo akifa katika Kristo, anakoma kuwa hai? Yesu alisema Mungu si Mungu wa wafu bali wa walio hai, na akamwahidi mnyang'anyi msalabani kuwa leo hivi atakuwa naye peponi. Katika Ufunuo 5:8 wazee 24 wameshika mabakuli ya dhahabu yaliyojaa manukato, "ambayo ni maombi ya watakatifu". Kwa hiyo, anahitimisha, kumwambia bibi aliyelala katika Bwana "utuombee" ni kuendeleza kile tulichokuwa tunamwambia jana kitandani pake.

Ukiulizwa jina la mafundisho haya, ni "ushirika wa watakatifu". Maneno hayo yamo katika Imani ya Mitume, ambayo Walutheri, Waanglikana na Wamoravian hukiri nao. Wote wanakubali kuwa Kanisa ni moja, la duniani na la mbinguni. Tofauti ni kama katika umoja huo kuna kuitana kwa majina.

Mprotestanti anajibu, na jibu lake si dogo. Kwanza ni 1 Timotheo 2:5: "Kwa sababu Mungu ni mmoja, na mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, Mwanadamu Kristo Yesu." Aya hii hutumiwa kama nyundo, nami nadhani ndiyo yenye nguvu ndogo kati ya hoja zake zote, maana mistari minne tu juu yake Paulo anaagiza dua, sala na maombezi yafanyike kwa ajili ya watu wote. Kuwaombea wengine hakuvunji upatanishi wa Kristo, la sivyo Paulo angejipinga ndani ya sura moja.

Nguvu yake iko kwingine. Katika vitabu 66 vya Biblia yake hakuna hata mahali pamoja ambapo mtu aliye hai anamwambia mtakatifu aliyekufa "niombee". Ibrahimu yupo, Musa yupo, Stefano ameuawa mbele ya macho yao, na hakuna anayemwita. Wanafunzi walipomwambia Yesu awafundishe kusali, aliwapa "Baba yetu". Kinyume chake, Kumbukumbu la Torati 18 linakataza kabisa kuwaendea wafu, na Sauli alipomtafuta Samweli kwa mwanamke wa Endori mambo yaliishia pabaya. Mkatoliki atasema kuwaendea wafu ili wakufunulie siri ni kitu kimoja na kuwaambia wakuombee ni kingine, na atakuonyesha 2 Wamakabayo 15, ambapo Yuda anaota kuhani Onia na nabii Yeremia, wote marehemu, wakiwaombea watu. Hapo tunagundua kuwa ugomvi wa watakatifu umejificha ndani ya ugomvi mwingine: Biblia ya Mkatoliki ina vitabu 73, na Wamakabayo wamo, kwa Mprotestanti hawamo. Hata hivyo, katika ndoto ile marehemu wanaomba, hakuna anayewaita. Kwa hiyo aya hiyo inampeleka Mkatoliki nusu ya njia.

Hoja ya pili ya Mprotestanti ndiyo inayonigusa mimi. Wanasikiaje? Mama mmoja Bukoba na mvuvi Ufilipino wanamwita Maria dakika ileile, kwa lugha mbili, wengine moyoni bila sauti. Kuyasikia yote hayo ni kazi ya Mungu, naye Mprotestanti anaogopa kumkabidhi kiumbe sifa ya Muumba. Jibu la Kikatoliki, ambalo mwanateolojia Thomas wa Akwino alilieleza katika karne ya 13, ni kwamba watakatifu hawana masikio yanayoenea duniani kote. Wanamwona Mungu, na ndani ya Mungu wanajua yale Mungu anayopenda wayajue. Yaani hata kusikia kwao ni zawadi. Jibu hilo linashikamana lenyewe kwa lenyewe. Kama linamtosheleza mtu, inategemea kama amekwisha kuamini kuwa Mungu anapenda kufanya kazi kupitia watu.

Wasabato wanalikata suala mapema zaidi. Kwao wafu wamelala hadi ufufuo. Mhubiri 9:5 inasema "wafu hawajui neno lolote". Kama Petro amelala, hakuna wa kumwambia "utuombee". Ndiyo maana mjadala wa Mkatoliki na Msabato hauhusu watakatifu hata kidogo. Unahusu kifo, na ungeanza hapo ungeokoa muda wa wengi.

Ilianzaje? Jijini Roma, kwenye Via Appia, chini ya kanisa la Mtakatifu Sebastiani, kuna ukuta uliokwaruzwa mamia ya maandishi katika karne ya 3. Ni mahujaji waliokuja kula chakula cha ukumbusho, kama sisi tunavyokaa msibani, na wakaacha majina yao kwenye lipu. Mmoja ameandika kwa Kilatini: Paulo na Petro, mwombeeni Victor. Mwandiko ni wa mkono wa mtu wa kawaida, umepinda. Hakuna askofu aliyemwagiza. Kabla yake, baada ya Polikarpo askofu wa Smirna kuchomwa moto katikati ya karne ya 2, Wakristo wake waliandika barua wakieleza kuwa Kristo wanamwabudu, bali mashahidi wanawapenda kama wanafunzi wake. Tayari kulikuwa na watu wa kuuliza swali hilo, na jibu lilikuwa tayari.

Na walikuwapo waliopinga zamani hizo, jambo ambalo Wakatoliki wengi hawaambiwi. Mwaka 406 Jerome, mfasiri wa Biblia kwa Kilatini, aliandika kwa hasira kumjibu padre Vigilantius wa Gaul (Ufaransa ya leo), aliyesema kuheshimu mifupa ya mashahidi ni upagani uliorudi kwa mlango wa nyuma, na kwamba tukishakufa hatuwezi kuombeana. Vigilantius alishindwa, na maandishi yake hatunayo. Tunamjua kupitia mpinzani wake tu.

Kisha kuna karatasi ya mafunjo kutoka Misri, sasa imehifadhiwa Manchester katika maktaba ya John Rylands. Wataalamu hawakubaliani juu ya umri wake; wengine wanairudisha hadi karne ya 3, wengine wanaishusha sana. Ina sala ambayo Wakatoliki wa kwetu wanaijua kwa moyo: "Tunaukimbilia ulinzi wako, Mzazi Mtakatifu wa Mungu." Naitaja kwa sababu inavuruga ule mstari mzuri niliouchora mwanzoni. Sala hii haisemi "utuombee". Inasema "utuokoe". Waothodoksi, walioko Kenya, Uganda na hata kwetu Bukoba, hawana haya nayo: katika liturujia yao humwambia Mzazi-Mungu atuokoe, waziwazi. Mprotestanti akisikia hapo anasema, unaona? Mwothodoksi anamjibu kuwa kuokoa kuna maana nyingi. Nasi tunajua hilo: mtu akikukopesha nauli usiku stendi unamwambia "ndugu yangu, umeniokoa", na wala hujamfanya Mwokozi wa ulimwengu. Hata hivyo nakiri kuwa hapa anayesali anahitaji kufundishwa zaidi, kwa sababu maneno peke yake hayamlindi kama "utuombee" linavyomlinda.

Kisa cha Martin Luther ndicho ninachopenda kukisimulia, maana watu humkumbuka kama adui wa watakatifu tangu kuzaliwa. Tarehe 2 Julai 1505 alikuwa mwanafunzi wa sheria, anarudi Erfurt kutoka nyumbani kwa wazazi. Karibu na kijiji cha Stotternheim ngurumo ikamkuta njiani, radi ikapiga karibu naye. Akapiga kelele: "Nisaidie, Mtakatifu Anna, nitakuwa mtawa!" Anna alikuwa msimamizi wa wachimba madini, na baba yake Luther alikuwa katika kazi ya machimbo ya shaba. Kijana aliyekaribia kufa aliita jina lililoitwa nyumbani kwao. Wiki mbili baadaye aliingia utawani. Kwa hiyo Matengenezo yote, yaliyozaa Uprotestanti, yalianza, kwa namna fulani, na ombi kwa mtakatifu.

Kilichombadilisha ni kile alichokiona katika nafsi yake. Alisimulia baadaye kwamba alifundishwa kumwona Kristo kama hakimu mkali aliyeketi juu ya upinde wa mvua, hivyo watu walimkimbilia Maria ili awakinge na Mwanawe. Hilo ndilo lililomkasirisha. Mwaka 1521, tayari ametengwa na Papa, aliandika ufafanuzi wa wimbo wa Maria uliojaa mapenzi, na mwishoni bado akataja maombezi ya mama huyo. Lakini kufikia Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, tamko la imani la Walutheri, msimamo ulikuwa umekaa. Kifungu cha 21 kinasema watakatifu wakumbukwe ili tufuate imani yao na matendo yao, ila Maandiko hayafundishi kuwaita wala kuwatafutia msaada. Mwaka uliofuata Philip Melanchthon, mwenzake Luther, akilitetea Ungamo lile, alikubali kitu ambacho Walutheri wengi wa leo wangeshangaa kukisikia: huenda watakatifu mbinguni wanaliombea Kanisa kwa jumla. Alichokataa ni hatua inayofuata, ya kuwaita. Kwa hiyo baba mkubwa angeweza kuamini kuwa bibi anatuombea, na bado akafunga mdomo.

Mtaguso wa Trento ulijibu Desemba 1563 kwa maneno yenye uangalifu kuliko sifa yake: ni vyema na ni jambo la manufaa kuwaita watakatifu ili kupata fadhila za Mungu kwa njia ya Mwanawe Yesu Kristo, aliye peke yake Mkombozi wetu. Vyema na manufaa. Haukusema ni lazima kwa kila mtu. Kuna Wakatoliki wanaosali maisha yao yote wakimwelekea Mungu tu nje ya Misa, na hawajavunja chochote.

Hapa kuna hoja moja ya Kikatoliki ninayotamani ikomeshwe. Utaisikia kila mahali: "Ukitaka kumwona mkuu wa wilaya unaanza kwa mjumbe, basi ukitaka kumwona Mungu unaanza kwa watakatifu." Inaeleweka haraka na inafanya madhara makubwa. Mkuu wa wilaya anahitaji mjumbe kwa sababu hakujui wewe, hana muda, na mlango wake una askari. Mungu hana hata kimoja cha hivyo. Katika karne ya 4 mfafanuzi mmoja wa barua kwa Warumi, ambaye wanazuoni humwita Ambrosiaster kwa kuwa jina lake halijulikani, alikwisha kuikataa hoja hii: kwa mfalme tunapitia maofisa kwa kuwa naye ni mtu, asiyejua amwamini nani, lakini Mungu hafichwi kitu. Maneno ya mama mdogo yalikuwa na teolojia safi kuliko ya mjumbe. Anayekusindikiza anatembea kando yako, na mlango mnaufikia pamoja.

Hofu ya ndugu zetu wa makanisa ya Kipentekoste ina mizizi hapa hapa nyumbani. Wengi wametoka katika koo zilizotambikia mizimu, na wanauliza tofauti ya tambiko na novena, ile sala ya siku tisa, iko wapi. Swali ni la haki. Kwa kawaida mzimu hutulizwa usije ukadhuru, na una mapenzi yake wenyewe. Mtakatifu wa kweli hadhuru wala halipizi kisasi, na hana mapenzi mbali na mapenzi ya Mungu. Lakini mafundisho yanaweza kuwa safi na mazoea yakaharibika. Umewahi kupokea ule ujumbe wa simu wenye picha ya Mtakatifu Yuda Tadei au Bikira Maria, unaosema tuma kwa watu tisa kabla ya usiku la sivyo utapata balaa? Hapo mtakatifu amegeuzwa mzimu, na medali shingoni imegeuzwa hirizi. Kanisa Katoliki linaita hilo ushirikina, na anayeutuma anawapa wakosoaji wake haki yote. Mwezi wa Novemba 2025 Vatikano yenyewe ilitoa waraka ukisema haifai kumwita Maria "Mkombozi mwenza", kwa sababu jina hilo linaweza kumfunika Kristo. Wakubwa nao wanajua kuwa heshima huweza kuvuka mpaka.

Waislamu wa pwani wakisoma haya watatabasamu kwa kuelewa, maana wana mjadala wao wa tawasuli, yaani kumwomba Mungu kwa kupitia watu wema, na ziara kwenye makaburi ya mawalii, na hoja za pande zote mbili zina sura za kufahamika.

Kama kuna mahali pa kuona tofauti hii kwa macho, ni Namugongo, nje kidogo ya Kampala. Tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, vijana Wakatoliki na Waanglikana waliviringishwa katika mikeka ya matete wakachomwa moto pamoja. Kwa jumla, kati ya 1885 na 1887, mashahidi wanaotambuliwa ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Moto ulikuwa mmoja na imani iliyowafanya wakatae kumkana Kristo ilikuwa moja. Leo pana makao mawili ya hija, yakitenganishwa na umbali mfupi. Kwa Wakatoliki, penye basilika lenye umbo la nyumba ya Kiganda, watu waliotembea kwa miguu siku nyingi kutoka magharibi mwa Uganda, Kenya na Tanzania husema, "Mashahidi wa Uganda, mtuombee." Kwa Waanglikana wanamshukuru Mungu kwa ajili ya mashahidi walewale na kumwomba awape uthabiti kama wao. Papa Paulo VI alipowatangaza wale 22 kuwa watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964, aliwataja na wenzao Waanglikana waliokufa kwa jina la Kristo. Hakuwaongeza kwenye orodha, ila hakutaka wasahauliwe.

Nisiseme Waanglikana wote wana neno moja. Kifungu cha 22 cha Vifungu vyao 39 vya imani, katika sura yake ya 1571, kinakataa mafundisho ya Roma juu ya kuwaita watakatifu na kusema hayana msingi katika Maandiko. Lakini umisionari wa UMCA, misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza kwa Afrika ya Kati, uliojenga Zanzibar, Magila na Masasi, ulikuwa wa mrengo unaopenda ubani na Bikira Maria. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, aliwashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi baada ya mkutano wa Kikuyu mwaka 1913, uliotaka kuziunganisha misheni za Kiprotestanti, na katika barua yake ya mwaka huo alilalamika pia kwamba padre mmoja Uingereza alizuiwa kwa sababu ya kuwaita watakatifu. Ndiyo sababu hadi leo Mwanglikana wa Muheza na Mwanglikana wa Dodoma, aliyetoka katika mkondo wa CMS, misheni ya Kianglikana ya mrengo wa kiinjili, wanaweza kutazamana kwa mshangao wakikutana madhabahuni.

Linabaki swali la nani anayeitwa. Kwa Mkatoliki, yeyote aliye mbinguni anaweza kutuombea, bibi yangu akiwemo, na nyumbani unaweza kumwambia hivyo. Lakini hadharani, katika Misa na Litania, Kanisa linataja wale tu lililowahakiki. Mtu huanza kama Mtumishi wa Mungu, baadaye akafikia kuwa Mwenyeheri, kisha Mtakatifu. Asiye shahidi huhitaji muujiza mmoja kwa ngazi ya Mwenyeheri, na mwingine kwa Mtakatifu, na muujiza unahesabiwa kuwa wa Mungu, uliopatikana kwa maombezi ya huyo aliyeitwa. Ndiyo maana wachunguzi wanauliza swali linaloonekana dogo: mlimwita nani? Mkiwa mmewaita watano, ushahidi umeharibika.

Sista Irene Stefani, mmisionari wa Consolata ambaye Wakikuyu walimwita Nyaatha kwa huruma yake, alihudumia wapagazi wagonjwa wa Vita vya Kwanza vya Dunia huko Voi, Kilwa na Lindi, akafariki 1930. Januari 1989 huko Nipepe, kaskazini mwa Msumbiji, watu zaidi ya 200 walijifungia kanisani kwa siku kadhaa wakikimbia mapigano. Maji yaliyokuwamo yalikuwa kidogo, ndani ya gogo lililochongwa kuwa kisima cha ubatizo. Walimwita Sista Irene. Wakanywa, watoto wakaogeshwa, na maji hayakuisha. Kwa ushahidi huo alitangazwa Mwenyeheri huko Nyeri tarehe 23 Mei 2015. Mprotestanti anaweza kukubali kila neno la kisa hiki, akasema Mungu aliwahurumia watoto wenye kiu. Mkatoliki anasema hivyohivyo, kisha anaongeza jina la mwanamke mmoja.

Na sisi Watanzania tunaye wa kwetu anayesubiri. Mchakato wa Julius Kambarage Nyerere, ulioanzishwa na Jimbo la Musoma katikati ya miaka ya 2000, umempa jina la Mtumishi wa Mungu, na kila mwaka Watanzania na Waganda huenda Namugongo mwanzoni mwa Juni kusali kwa nia hiyo. Angalia tena kitenzi. Sala zile za hadhara zinaelekezwa kwa Mungu, kumsihi amtukuze mtumishi wake. Mama wa Butiama anaweza usiku, chumbani kwake, kusema "Mwalimu, utuombee," na hakuna padre atakayemkataza. Ila katika Litania jina lake halimo. Hadi ninapoandika haya, kanisani Mwalimu bado anaombewa, haombwi atuombee.